Bibi, ungo na mapigo 240 kwa dakika: kaida za singeli katika video ya wanafunzi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma mwaka wa pili wa stashahada ya utayarishaji wa filamu na televisheni hapa Dar es Salaam. Kikundi chetu cha watu wanne kimetengeneza video ya wimbo wa singeli wa kijana wa mtaani kwetu, wenye dakika 3 na sekunde 12, ambamo MC anajigamba kwamba mjini hakuna anayemweza kwa mbio. Sasa tunatakiwa kuandika ripoti ya kueleza jinsi video yetu inavyotumia kaida za utanzu wake na jinsi inavyozipinga. Tuliandika kwamba tumezitumia kwa sababu kuna watu wanaocheza mtaani, na tumezipinga kwa sababu tumemweka bibi, hatukuweka mabinti waliovaa nusu uchi, tumepiga kwa simu, na sehemu nyingine ni nyeusi na nyeupe. Mkufunzi ameirudisha na kuandika: “Mmeorodhesha, hamjachambua.” Tumekosea wapi? Na je, video ikipinga kaida nyingi, bado ni ya singeli? Nimekutumia video yenyewe pamoja na ripoti.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Video yenu nimeitazama mara sita, mbili kati ya hizo nikiwa nimezima sauti, kisha nikasoma tena mlichokiandika. Mkufunzi wenu amesema kweli, ila ningeongeza neno ambalo pengine litawafariji: video imeizidi ripoti. Kazi mliyoifanya kwenye uhariri ina mambo matatu ya maana sana ambayo hamkuyataja hata kwa mstari mmoja, ilhali mengi ya yale mliyoyataja hayapingi chochote.

Kosa lenyewe ni kwamba mmeichukulia kaida kana kwamba ni kitu kilichomo ndani ya picha, kama spika au bodaboda, ambacho kikiwepo mnaweka alama ya vyema upande wa “tumetumia” na kisipokuwepo mnaiweka upande wa “tumepinga”. Kaida hukaa kwa mtazamaji. Ni yale anayoyatarajia kabla hamjamwonyesha, kwa sababu video nyingi alizoziona kabla ya yenu zimemzoesha hivyo. Kwa hiyo huwezi kuipinga kwa kuacha tu kitu fulani. Video yenu haina ngamia wala theluji, na hakuna atakayesema kwamba mmepinga kaida ya ngamia. Ili mtazamaji ahisi kwamba amenyimwa kitu, sharti kwanza mumfanye akingojee, ndani ya video hiyohiyo, na karibu kabisa na pale mtakapomnyima.

Kama mlisoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita, mtakumbuka mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, watetezi wa arudhi, yaani kanuni hizo za vina na mizani, walisema hayo si mashairi. Hasira ile ilikuwa na msingi wake: sikio la msomaji wa Kiswahili lilikuwa limezoezwa kwa karne kadhaa kungojea kina mwishoni mwa kipande, na kilipokosekana lilisikia pengo. Lau mashairi yaleyale yangesomwa na mtu asiyewahi kusikia utenzi wala tarbia, asingesikia uasi wowote. Angeona maneno yaliyopangwa katika mistari mifupi tu. Mwingereza Steve Neale, aliyeandika juu ya tanzu za filamu mwaka 1980, alieleza jambo la namna hii aliposema kwamba utanzu huishi kwa marudio na tofauti kwa pamoja. Bila marudio, tofauti haina pa kusimama. Basi swali mnalopaswa kujiuliza katika kila aya ni moja: kabla ya kumnyima mtazamaji kitu, tulimzoesha nini, na wapi?

Sasa tuje kwenye singeli yenyewe, kwa sababu ripoti yenu inazitaja kaida zake bila kusema zimetoka wapi. Singeli ilizaliwa uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa ya jirani, ikirithi mchiriku, muziki wa mtaani ulioitangulia, na ikichukua vipande vya ala za taarabu na kuvikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingine kukaribia 300. Kabla haijazoeleka redioni ulikuwa muziki wa vigodoro, yaani sherehe za mtaani za kukesha, ambako spika hupangwa uwanjani au katikati ya njia, na MC hushika kipaza sauti akaghani papo kwa papo, akiwataja waliopo kwa majina yao. Pale hapana jukwaa. Duara la watu ndilo jukwaa, na MC asiyezungukwa na watu ni MC ambaye wimbo wake umeshindwa. Ndiyo maana umati katika video ya singeli si pambo. Ni ushahidi kwamba wimbo umefanya kazi yake. Ndiyo maana pia kamera huingia ndani ya duara, hutikisika, husukumwa na mabega ya watu, na watoto hupita mbele yake bila mtu kuwafukuza.

Linganisheni na Bongo Fleva. Msanii aliyetaka kuonekana nje ya mipaka kupitia Channel O, au kupitia MTV Base Africa iliyoanza mwaka 2005, alilazimika kufikia kiwango cha picha kilichotakiwa na vituo hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya baadhi ya wasanii wakubwa waende kupiga video zao Afrika Kusini. Hapo ikazoeleka nyumba ya kifahari, bwawa la kuogelea, gari la kukodi, na picha ya droni inayomwonyesha msanii akiwa peke yake juu ya kitu kirefu. Andrew Goodwin, katika uchambuzi wake wa mwaka 1992 kuhusu video za muziki, aliona kwamba kampuni za muziki hudai picha nyingi za karibu za msanii, kwa kuwa uso ndio unaouzwa. Singeli imezoea kuuza mtaa mzima. Kwa hiyo sentensi yenu “tumetumia kaida ya watu wanaocheza mtaani” ni ya kweli lakini imekatikia njiani. Inapaswa kuendelea na kusema umati ule unathibitisha nini kuhusu MC, na kwa nini mmemweka katikati yao badala ya juu yao.

Kaida ya pili imetokana na hesabu, na nashangaa kwamba hamkuigusa kabisa, ilhali ndiyo inayoibeba video yenu. Nimeupima wimbo: una mapigo 240 kwa dakika, yaani manne kila sekunde. Mmehariri kwa fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo lina fremu 6 na robo. Mhariri wa Bongo Fleva anayefanya kazi na mapigo 100 ana fremu 15 kwa pigo, na anaweza kukata juu ya pigo lolote jicho likamfuata. Kwenye wimbo wenu, ukikata kila pigo, picha inapepesa kama taa mbovu, kwani fremu sita hazimtoshi mtu kuitambua sura ngeni. Ndiyo sababu sisi tunaohariri nyimbo hizi hukata kila baada ya mapigo manne au manane, na kuiacha miili ya wachezaji ibebe kasi iliyobaki. Ninyi mmelifuata hilo kwa uaminifu mkubwa: katika sekunde 40 za mwanzo nimehesabu mikato 41, takribani mmoja kila mapigo manne. Mtazamaji hahesabu, lakini mwili wake unahesabu. Ifikapo sekunde ya 40 amekwisha kuzoea kwamba kila sekunde ana haki ya picha mpya.

Kasi hiyohiyo inaifungia singeli mlango mmoja ambao Bongo Fleva huupita kila siku. Mmewahi kuona msanii akitembea kwa mwendo wa taratibu, nywele zikipepea, huku midomo yake ikifuata wimbo sawasawa. Siri yake ni kumpiga picha kwa fremu 50 huku wimbo ukichezwa mara mbili ya kasi yake, kisha kuzicheza fremu hizo kwa 25. Jaribuni hilo kwa wimbo wenu: MC atatakiwa kughani kwenye mapigo 480, na sijapata kuona mdomo wa kuweza hilo. Utulivu, kwa hiyo, ni kitu ambacho video ya singeli hukipata kwa shida, na ndiyo maana sekunde ya 41 ya video yenu ilinifanya nisimamishe chai yangu mezani.

Pale mnakata kutoka kwenye duara la wachezaji kwenda uani. Kamera imetulia juu ya tripodi. Bibi ameketi juu ya mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Sauti hamkuipunguza hata chembe. Mapigo yanaendelea vilevile, MC anaendelea kujigamba kwa mbio zake. Na shoti inakaa sekunde 22 bila mkato, yaani mapigo 88 na fremu 550, mbele ya mtu ambaye mmetoka kumzoesha kupata picha mpya kila mapigo manne. Sekunde chache za kwanza anangoja mkato. Baadaye kidogo anadhani mhariri amesahau. Kisha, kwa kuwa hana pengine pa kutazama, anaanza kutazama vidole. Na hapo, kwenye sekunde ya 52, kidole gumba na cha shahada vinaokota chuya moja, vinaitupa pembeni, na kutupwa kwake kunaangukia pigo barabara. Nimeirudia sehemu hiyo fremu kwa fremu. Kama ilitokea yenyewe, mshukuruni Mungu; kama mhariri wenu aliisogeza shoti fremu mbili tatu ili itokee hivyo, basi jambo hilo peke yake linastahili aya nzima, nanyi mmeliacha likapita bila neno.

Tazameni jinsi lilivyo tofauti na mlichokiandika. Ninyi mmesema “tumemweka bibi”. Bibi kuwepo si upinzani. Video za nyimbo za huzuni zimejaa wazee wanaopuliza moto wa kuni huku moshi ukiwatoa machozi, na mtazamaji anajua mara moja kwamba ametakiwa ahurumie. Hiyo ni kaida nyingine, na kuiazima kaida ya utanzu wa jirani hakukufanyi mpinzani. Kunakufanya mgeni aliyebeba zawadi ileile. Upinzani wenu umo katika yale mliyomnyima mtazamaji huku mkijua anayangojea: hamkuipunguza sauti, hamkuleta kinanda cha kilio, hamkuisogeza kamera usoni pa bibi kuomba huruma, na hamkumpunguza mwendo. Bibi hana haja ya kupunguzwa mwendo, kwa kuwa taratibu ile ni yake mwenyewe. Goodwin alisema picha inaweza kuyaonyesha maneno ya wimbo kama yalivyo, kuyakuza, au kwenda kinyume nayo. Ninyi mmefanya ya tatu ikageuka kuwa ya pili: kwa sekunde kumi na moja picha inakwenda kinyume na majigambo ya mbio, kisha chuya inaanguka juu ya pigo, na mtazamaji anatambua kwamba mikono hii ilikuwa kwenye mdundo muda wote, kwa kasi yake yenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu shoti hiyo ambalo huenda hamkulipanga. Ala inayojirudia katika wimbo wenu inasikika wazi kuwa ni kipande cha taarabu kilichokimbizwa. Sasa kumbukeni desturi ya taarabu ya zamani ya Unguja, ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905: wanamuziki wameketi, hadhira imeketi, mwimbaji anasimama karibu bila kusogea, na anayeguswa na ubeti huinuka taratibu kwenda kumtunza. Bibi wenu aliyetulia ameukalisha muziki pale ulipokuwa umekaa kabla haujakimbizwa. Kwa maana hiyo, kile kinachoonekana kama kuipinga singeli kinaweza kusomwa kama kumrudishia mzazi wake kiti. Kama hamkulifikiria, msidai kwamba mlilikusudia. Andikeni kwamba linaonekana katika kazi, mkieleza kwa nini. Mkufunzi mwenye uzoefu hutofautisha haraka anayesema “tulikusudia” na anayesema “inaonekana”, na huwaheshimu wote wawili maadamu wanasema kweli. Niliwahi kusahihisha ripoti ya mwanafunzi aliyeandika kurasa tatu kuhusu ishara ya barabara tupu katika video yake, upweke wa kijana wa mjini na kadhalika, hadi nilipomuuliza ana kwa ana akakiri kwamba mvua ilinyesha na watu hawakuja. Barabara tupu ilikuwa nzuri. Kurasa tatu ndizo zilizomharibia.

Sasa madai yenu kwamba hamkuweka mabinti waliovaa nusu uchi. Yakiwa kama mlivyoyaandika, hayana thamani, kwa sababu ile ya ngamia. Lakini dakika ya 1 na sekunde ya 34 mmefanya kitu kinachoyapa uhai, na tena hamkukitaja. Dada mmoja anaingia duarani amejifunga kanga. Kamera inafanya hasa kile ambacho kamera za namna hii zimezoea kufanya: inaanzia mabegani na kushuka polepole mgongoni kuelekea kiunoni, na mtazamaji anajua inakwenda wapi, awe anapenda au anakereka. Inafika. Na pale inapofika pameandikwa jina la kanga: “Mdhaniaye ndiye kumbe siye.” Kamera inasimama hapo kama mtu aliyekamatwa. Wanawake wa pwani wamekuwa wakizungumza kwa majina ya kanga kwa miaka mingi, na kila avaaye kanga anajua kwamba ikifungwa vizuri maneno hukaa palepale ambapo macho ya wenye macho huenda. Kwa hiyo hamkuiondoa kaida ya kumwangalia mwanamke. Mmeifuata hadi mwisho wa njia na kumkuta mwanamke amekwisha kuwangoja na jibu. Katika video yote, hapa ndipo kaida inapotumika na kupingwa kwa mwendo mmoja wa kamera, na kama ningekuwa ninyi ningeanza ripoti na shoti hii.

Lakini mmeikata mapema. Nimehesabu fremu 26 tangu maneno yalipotulia hadi mkato, zaidi kidogo ya sekunde moja, na nguo inayumba kwa kuwa mwenyewe anacheza. Mimi niliyasoma kwa kuwa nilisimamisha picha. Mtazamaji wa kawaida atajua kwamba palikuwa na maandishi, asijue yalisemaje, na hapo atabaki na kiuno tu. Yaani kwa kukosa sekunde moja, upinzani wenu unageuka kuwa kaida ileile mliyotaka kuikwepa. Bila shaka mlikatia hapo kwa sababu mkono wa mhariri ulikuwa umeshazoea mapigo manne. Ipeni shoti hiyo mapigo manane, yaani fremu 50, na mtakuwa bado ndani ya mpangilio wa wimbo. Kama muda wa kurekebisha video umekwisha, liandikeni kosa hili wenyewe katika ripoti, pamoja na hesabu yake. Kujikosoa kwa takwimu kunaonyesha uelewa kuliko kujisifu kwa maneno.

Mengine nitayapitia haraka. Simu ni chombo cha kazi, si kaida. Mtazamaji haioni simu, anaona picha, na picha zenu za mchana hazina tofauti kubwa na za kamera. (Ila simu nyingi hurekodi kwa fremu zisizolingana idadi kila sekunde, na ndiyo maana kuanzia dakika ya 2 midomo ya MC inachelewa kidogo; kwenye mapigo 240, fremu tatu ni nusu ya pigo na jicho linaona. Zibadilisheni faili kuwa na fremu zinazolingana kabla ya kuhariri.) Sehemu nyeusi na nyeupe iondoeni kabisa katika orodha ya mlivyovipinga. Kuondoa rangi ili kuonyesha kumbukumbu ni kaida kongwe, na mmeitumia kwa maana yake ileile ya kawaida, jambo ambalo halina ubaya, ila mliweke upande unaostahili.

Mkitaka mfano wa nje wa kulinganisha nao, na ripoti nzuri huwa na mmoja, nendeni Nairobi. Kundi la Just a Band, ambalo wanachama wake walikutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa mwaka 2010 video ya wimbo wa Ha-He. Badala ya wanamuziki kuonekana wakiimba, video ile imejifanya kipande cha filamu ya kupigana ya miaka ya 1970, na shujaa wake anaitwa Makmende. Jina hilo watoto wa Nairobi walikuwa wakilitumia tangu zamani kumsuta anayejifanya shujaa wa sinema, nalo linasemekana kutokana na maneno ya filamu ya Clint Eastwood yaliyosikika vibaya. Video ilienea mtandaoni Kenya nzima kwa kasi ambayo wakati huo ilikuwa ngeni. Ninachotaka mkione ni kwamba upinzani wao, wa kumficha msanii, ulieleweka papo hapo kwa sababu uliegemea matarajio mawili yaliyokuwepo tayari: filamu ambazo watu walizijua, na jina ambalo walikuwa wakilitamka tangu utotoni. Kuna funzo la upande wa pili pia. Mwaka 2018 vijana wa kundi la Ethic walipotoa Lamba Lolo, video ya gharama ndogo iliyopigwa mtaani, ilionekana kama kofi usoni mwa video za kifahari. Haukupita muda, sura hiyo ya mtaani ikawa ndiyo inayotarajiwa katika kila video ya gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi. Kwa hiyo mkiandika kwamba mmepinga kaida, tajeni pia kaida ya lini, kwa kuwa upinzani wa mwaka huu unaweza kuwa sare ya mwaka ujao.

Mmeniomba nionyeshe mlikosea wapi, na maelezo pekee hayatoshi, kwa hiyo hii hapa aya moja iliyoandikwa kama ambavyo ningependa kuisoma. Msiinakili, angalieni jinsi inavyokwenda kutoka kwenye matarajio hadi kwenye maana bila kuacha picha.

“Katika sekunde 40 za mwanzo tunakata picha kila mapigo manne, kama ilivyozoeleka katika video za singeli, ili mtazamaji aupate mwendo huo mwilini kabla ya kuufikiri. Katika sekunde ya 41 tunaacha kukata kwa mapigo 88, huku sauti ikiendelea bila kubadilika. Mtazamaji anabaki na kasi masikioni na utulivu machoni, na kwa kuwa hapewi picha nyingine, anaanza kuitafuta kasi hiyo katika mikono ya bibi, ambako anaipata chuya inapotupwa juu ya pigo. Hatukutaka bibi awe ishara ya umaskini, kaida iliyo katika nyimbo za huzuni. Ndiyo maana kamera haimkaribii na sauti haipungui kwa ajili yake.”

Sasa swali lenu la mwisho, kama video inayopinga kaida nyingi bado ni ya singeli. Mmarekani Rick Altman, mwaka 1984, alitenganisha katika utanzu vitu viwili ambavyo mimi huwaeleza wanafunzi wangu kama msamiati na sarufi. Msamiati ni vitu vinavyoonekana: spika, vumbi, duara, jezi, bodaboda. Sarufi ni uhusiano kati ya vitu hivyo, jinsi kimoja kinavyokijibu kingine. Video inaweza kuwa na msamiati wote wa singeli ikapangwa kwa sarufi ya tangazo la simu, na inaweza kuacha nusu ya msamiati ikabaki na sarufi yake. Sarufi ya singeli, kwa maoni yangu, ni kuita na kujibiwa: MC anaita, waliomzunguka wanajibu kwa miili yao, na jibu lao ndilo linalompa pumzi ya mstari unaofuata. Mkiliangalia hilo, tazameni tena mwisho wa video yenu, dakika ya 2 na sekunde ya 48. Umati umeingia uani na kumzunguka bibi ambaye hajainuka kwenye mkeka. MC anaghani akimwelekea yeye. Kila mtu anasubiri bibi acheze, kwa kuwa bibi anayeinuka na kucheza amekwisha kuwa kichekesho cha kila video. Hachezi. Anauweka ungo pembeni, anafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, anatoa noti ya shilingi 1,000 na kumtunza.

Ameitwa, naye amejibu. Sarufi haijavunjika, ila jibu limetolewa kwa lugha ya taarabu, na umati kwa mara ya kwanza katika video nzima unatulia kumtazama mtu mmoja. Hiyo ni singeli, na msimruhusu mtu awaambie vinginevyo, ingawa mtalazimika kulithibitisha hilo kwa maelezo ya shoti yenyewe na si kwa kudai tu. Katika ripoti mliyonitumia, tukio hili lote limepewa maneno manne: “mwishoni bibi anatoa pesa.”

Kabla ya kuandika upya, fanyeni jambo moja la jioni moja. Waonyesheni video watu saba au wanane wa mtaani wanaoisikiliza singeli kila siku, na ninyi msitazame kioo, tazameni nyuso zao. Andikeni ni sekunde ya ngapi walicheka, ya ngapi walitulia, ni nani aliyeuliza kanga imeandikwa nini. Hayo ndiyo matarajio niliyokuwa nikiyazungumzia tangu mwanzo, na mkiyaleta katika ripoti mtakuwa na ushahidi ambao hauko katika kitabu chochote. Mwonyesheni na bibi mwenyewe, mkaandike atakachosema neno kwa neno, hata kama atauliza tu noti yake ya shilingi 1,000 iko wapi.